Pipa Tupu

Mama yangu alikuwa na methali moja iliyowatosha watoto wote wa mtaa wetu wa Ng'ambo, Unguja: debe tupu haliachi kuvuma. Wengine huitumia kumsema mtu mwenye maneno mengi na akili kidogo. Yeye aliitumia kwa maana ya juu juu kabisa, kwa sababu mimi na binamu zangu tulikuwa kweli tunapiga madebe. Debe la mafuta ya kupikia ndiyo ngoma kubwa, kopo la maziwa ya unga ndiyo ndogo, vijiti vya mpera, na mmoja wetu kakunja kiganja mdomoni kuigiza tarumbeta. Tulikuwa tunaiga beni ya harusini, ile inayokata mitaa na watu nyuma yake. Tabu yetu ilikuwa saa. Saa nane mchana, jua kali, watu wazima wamejinyoosha. "Nyie! Debe tupu!" Tunatawanyika.

Nayaeleza haya ili mjue kwamba siku nilipokwenda kubisha hodi kwa jirani yangu hapa London kumlalamikia kelele, nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nimegeuka mama.

Ilikuwa East Ham, mwezi wa Machi, hatujamaliza hata kufungua maboksi. Ukuta baina yetu na nyumba ya pili ni mwembamba kiasi kwamba nilishajua jirani anasikiliza taarifa ya habari ya stesheni gani. Kila jioni, ikifika saa moja na kitu, kinaanza kitu kugonga. Ting, ting, ti-ting-ting. Kinasita. Kinarudi palepale. Haukuwa wimbo, ilikuwa kipande cha wimbo, pengine sekunde kumi tu, na kinarudiwa mara thelathini, arubaini. Wiki ya pili nikajitanda mtandio wangu nikaenda.

Akafungua mzee mrefu, mwembamba, mkononi ana vijiti viwili vifupi vilivyofungwa mpira kichwani. Nikamweleza kwa adabu yote niliyolelewa nayo kwamba nina mtoto ana skuli asubuhi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza natoka wapi. Nikasema Zanzibar.

"Basi ingia," akasema, kana kwamba jibu lile limefuta mashtaka.

Sebuleni kwake, pale ambapo mimi kwangu pana televisheni, palikuwa na pani.

Jina lenyewe limenisumbua kabla sijaandika mstari wa kwanza wa makala hii. Wenyewe wa Trinidad, kisiwa anachotoka mzee huyu, wanaita "pan", basi, na anayepiga ni mtu wa pani. Ukisema ngoma ya chuma utamchukiza, kwa sababu ngoma ina ngozi na hii haina, na ngoma haikuimbii wimbo mzima kama inavyoimba hii. Ukisema kengele umekaribia kidogo. Tuseme pani.

Chukua pipa la mafuta la galoni 55, lile la lita mia mbili na kidogo ambalo kwetu fundi akilipata hukata akatengeneza jiko, au akalilaza likawa mlango wa banda. Lipindue, kitako juu. Kile kitako kipige nyundo kubwa, polepole, kwa kuzunguka, mpaka kitumbukie kama karai. Ukipiga kwa pupa kinachanika na pipa limekwenda. Ndani ya karai hilo unachora viduara, vikubwa pembezoni na vidogo katikati, kila kimoja kitakuwa sauti moja. Unavitenga kwa tindo butu, unakata ubavu wa pipa kwa urefu unaoutaka (mfupi kwa sauti nyembamba, kwa besi unaliacha pipa zima), unalipitisha motoni. Kisha ndipo kazi inapoanza. Fundi anakaa na nyundo ndogo, anakigonga kila kiduara kutoka chini na kutoka juu, anatega sikio, anagonga tena, mpaka bati lile likubali kutoa sauti moja tu na si nyingine. Na si ile sauti peke yake: ndani yake anatafuta na ile ya juu yake, pacha wake mwembamba, ili mbili hizo zikae pamoja. Akikigusa kiduara kimoja, cha jirani kinateteleka. Anarudi. Mzee anasema amewahi kumngoja fundi siku nne kwa pani moja.

"Weka kidole hapa," akaniambia, akanionesha kiduara cha pembezoni. "Sasa cha jirani yake. Hawa wamepishana hatua tano. Zunguka duara zima, kila jirani na jirani yake hatua tano." Mpango huo, akasema, wanaushukuru kwa Anthony Williams, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya North Stars. Mimi sikusoma muziki. Lakini nilizungusha kidole nikasikia sauti zinazofuatana kama ngazi ambayo haina mwisho, na nikasahau kilichonileta. Mtoto wangu, ambaye nilikuwa namtetea usingizi wake, nilimkuta keshapenya nyuma yangu, kasimama mlangoni na nguo za kulalia.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumwita mzee huyu Mjomba, jambo ambalo halikuhitaji maelezo; na kwao Karibea mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina kavu. Na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kile kipande cha sekunde kumi kilikuwa cha wimbo wa mashindano ya Agosti, na kwamba yeye mwenyewe kwenye bendi hapigi hata hii ndogo. Anapiga besi. Hii ya sebuleni ni ya kumtuliza moyo.

Sasa nitawarudisha nyuma kidogo, kwa sababu bila hiyo hadithi pipa litabaki pipa.

Trinidad ilikuwa koloni la Waingereza, na kabla yake la Wahispania, na kanivali ya kabla ya Kwaresima waliileta walowezi wa Kifaransa. Watumwa hawakualikwa. Walipoachwa huru katika miaka ya 1830 waliichukua barabara, wakaja na mienge, na ngoma, na mchezo wa fimbo. Serikali haikuupenda usiku huo. Mwaka 1881 polisi wa Kapteni Baker walijaribu kuuzima kwa nguvu mjini Port of Spain na wakakutana na fimbo. Mwaka 1884 ikaja sheria. Ngoma za mkono zikapigwa marufuku mitaani.

Watu wakaenda kukata mianzi. Mwanzi mnene unaugotesha chini, unatoa besi. Mwembamba unaugonga kwa kijiti. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa ngoma isiyo ngoma. Halafu katika miaka ya 1930 vijana wa mitaa ya kimaskini wakaanza kuchanganya na vyuma: vifuniko vya mapipa ya taka, makopo ya biskuti, makopo ya rangi, dramu za breki za magari. Na mtu fulani, siku fulani, akagundua kwamba kopo lililobonyea haliimbi kama lilivyokuwa likiimba kabla ya kubonyea. Nani? Hapo usimuulize mzee wa Trinidad kama huna nafasi ya kukaa. Wapo wanaomtaja Winston "Spree" Simon, wapo wanaosema Neville Jules, na Mjomba ana lake ambalo simuulizi tena. Kinachokubaliwa na wengi ni kwamba Ellie Mannette ndiye aliyekibonyeza kitako kwenda ndani badala ya kukiacha kivimbe nje, na kwamba ndiye aliyeligeukia pipa kubwa la mafuta. Mapipa yenyewe yalikuwa tele. Trinidad inachimba mafuta, na wakati wa Vita vya Pili Wamarekani walikuwa na kambi kubwa ya wanamaji pale Chaguaramas. Kanivali ilikuwa imefungwa kwa ajili ya vita, kuanzia 1942. Vita vilipokwisha mwaka 1945, watu walimwagika barabarani na mapipa.

Na hawakupendwa. Hili nataka mlishike. Leo pani ni ala ya taifa la Trinidad na Tobago, imetangazwa hivyo mwaka 1992, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake, tarehe 11 Agosti. Lakini katika miaka ya 1940 mtu wa pani alikuwa mhuni. Bendi zilijiita kwa majina ya senema za vita na za kauboi, Invaders, Casablanca, Tokyo, Desperadoes, na zikikutana njiani zilipigana kweli, kwa chupa na visu. Mzazi mwenye heshima zake hakutaka bintiye aonekane karibu na ua wa pani, yaani pale bendi inapofanyia mazoezi.

Niliposikia habari hiyo nilicheka, Mjomba akataka kujua kinachonichekesha. Nikamweleza habari za beni zetu za zamani, za mwambao mzima, kabla hazijawa kitu cha harusini. Nikamwambia juu ya Arinoti na Marini, vikundi vya ngoma vyenye majenerali na makapteni na mavazi ya kijeshi na kimanowari, watu ambao hawakuwahi kupanda manowari, wakishindana mji kwa mji mpaka wakoloni wakaanza kuwaandikia ripoti. Na vibali. Hakuna ngoma bila kibali. Akatikisa kichwa taratibu. "Kibali," akarudia kwa Kiswahili changu, akakiweka vizuri mdomoni, na tangu siku hiyo ni neno lake. Akitaka kupiga jioni hunigongea ukuta mara mbili: kibali?

London iliijua pani mwaka 1951. Serikali ilikuwa na maonesho makubwa kando ya mto Thames, Trinidad ikapeleka kikosi cha vijana waliochaguliwa kutoka bendi mbalimbali, bendi ambazo kwao zilikuwa zikipigana. TASPO ndilo lilikuwa jina lao, kifupi cha Trinidad All Steel Percussion Orchestra, na mwalimu wao alikuwa Luteni Joseph Griffith. Mmoja wao, Sterling Betancourt, hakurudi nyumbani. Akabaki hapa akipiga na mpiga piano Russell Henderson.

Mwaka 1958 vijana wa Kizungu waliwashambulia watu weusi katika mitaa ya Notting Hill, siku nyingi mfululizo. Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa mhariri wa gazeti la Wakaribea wa London, akajibu kwa kanivali. Januari! Tarehe 30 Januari 1959, ndani ya ukumbi wa halmashauri ya St Pancras, maana nje kulikuwa na baridi ya kuua. Mtaani kanivali ilitoka mwaka 1966, kwenye sherehe ya watoto iliyoandaliwa na Rhaune Laslett, mfanyakazi wa jamii wa pale pale Notting Hill. Akamwita Henderson na wenzake waje watumbuize. Walikuja na pani za kuning'iniza shingoni, wakapiga, kisha Henderson akaona mambo yamepoa, wakaanza kutembea. Wakakata kona. Watu wakatoka majumbani wakawafuata, wengine na mifuko ya sokoni mkononi. Huo ndio mwanzo wa kitu ambacho leo hufunga magharibi ya London siku mbili nzima mwishoni mwa Agosti. Hakukuwa na njia iliyopangwa.

Picha zote za kanivali mnazoziona mitandaoni ni za manyoya. Sina neno na manyoya, na najua wapo wanaosubiri nizungumzie mavazi, watasubiri sana. Ninachosema ni kwamba ukitaka kuijua kanivali ya Notting Hill usiende Jumapili wala Jumatatu. Nenda Jumamosi, jioni, kabla haijaanza. Nenda Panorama, mashindano ya bendi za pani.

Ua wa pani wa bendi ya Mjomba ni uwanja mdogo chini ya barabara ya juu. Nilianza kwenda mwezi wa Juni, kwa kisingizio cha mtoto. Pale nilisikia kwa mara ya kwanza bendi kamili: pani nyembamba mbele, ambazo kwa kituko cha lugha wanaziita "tenor", jina ambalo kwenye kwaya ni la sauti ya tatu, ingawa ndizo za juu kuliko zote, nyuma yao jozi za sauti za kati, kisha zile nene, na nyuma kabisa besi. Mpiga besi amesimama katikati ya mapipa sita mazima, matatu mbele, matatu ubavuni na mgongoni, na kila pipa lina sauti tatu tu. Kumi na nane kwa jumla. Mjomba anacheza ngoma ya mwili mzima kuzifikia, mzee wa miaka sabini na kitu, anageuka, anarudi, anageuka, kama mtu anayezima moto kwenye vyungu sita.

Na katikati ya bendi pana kile wanachokiita chumba cha mashine: ngoma, vikwaruzo, na chuma. Chuma ni dramu ya breki ya gari, inapigwa kwa kipande cha nondo. Mlio wa kwanza ulinirudisha skuli ya msingi. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mwembeni, na mwalimu wa zamu aliipiga vilevile.

Hakuna karatasi. Watu kama themanini, mwanafunzi wa sekondari karibu na muuguzi karibu na mfanyakazi wa benki, na wote wanafundishwa wimbo wa dakika nane, tisa kwa sikio. Mpangaji wa muziki anapita kila safu, anawaimbia mstari, wanaurudia, anawaongezea mwingine. Usiku mmoja wanatoka na sekunde kumi. Ndipo nikaelewa. Yale niliyoyasikia ukutani Machi yalikuwa matofali, na huyu mzee alikuwa anayabeba moja moja nyumbani.

Kazi niliyopewa mimi ilikuwa kusukuma. Pani husafiri juu ya fremu za chuma zenye magurudumu, na fremu hazina injini, zina sisi. Jumamosi ile tuliisukuma besi mpaka kwenye bustani ya Emslie Horniman, kule Kensal, ambako bendi hushindana jukwaani usiku mbele ya majaji. Njia ina matuta ya kupunguzia magari mwendo. Kwenye tuta la pili gurudumu la mbele likachomoka, fremu ikainama, na pipa la Mjomba la mwisho kushoto likagota lami. Sitasahau sura yake. Hakusema kitu. Aliinama, akakitafuta kiduara kwa kidole gumba, akakigonga mara moja kwa kijiti, akatega sikio na kelele zote zile za mtaa. Akagonga tena.

"Imeshuka," akasema. "Nusu ya nusu."

Mimi sikusikia tofauti yoyote, wala mwanangu. Fundi akatafutwa kwenye umati, akaja na nyundo mfukoni, akailaza besi kando ya barabara akaitibu pale pale, kofi mbili, tatu, na foleni ya bendi nyingine nyuma yetu inangoja kimya. Wapinzani hao. Hakuna aliyepiga honi wala kusonya.

Bendi ilipopanda jukwaani nilisimama hatua tano kutoka kwenye besi. Nimesikia taarab ya Culture Musical Club ikijaza ukumbi, nimesikia beni ikipita chini ya dirisha, lakini sikuwahi kusikia muziki unaoanzia kwenye nyayo. Pani mia na zaidi zinapopigwa pamoja kwa kasi hiyo husikii tena chuma. Mara unasikia filimbi, mara kinanda, mara umati wa watu wanaoimba mbali bila maneno. Na kisha zote zinakata mara moja, na kwa muda mdogo sana bati lile linaendelea kulia lenyewe, kabla watu hawajapiga makelele.

Hatukushinda. Mjomba anasema majaji walikaa upande ambao besi hazifiki.

Jumatatu nilikwenda kwa ajili ya samba, ngoma ya Brazili, na hapa nitamuudhi Mjomba. Barabarani, mchana, samba inaishinda pani. Inaishinda vibaya. Tangu miaka ya 1970 kanivali ina mitambo ya muziki, minara ya spika kila kona, na pani, hata zikiwa mia, mbele ya minara hiyo ni kama mtu anayekunong'oneza sokoni. Bendi zinapita, unaona mikono inapanda na kushuka, husikii. Lakini bateria ya samba unaisikia kabla haijakata kona. (Bateria kwao ndiyo kikosi cha wapiga ngoma. Mwanangu aliniuliza kama inachajiwa.)

Skuli za samba, ndivyo vikundi vyake vinavyoitwa, za hapa zina Waingereza, Wabrazili, Wapolandi, kila mtu. Ya kwanza, London School of Samba, ilianza mwaka 1984 na inatembea Notting Hill tangu hapo. Nilijipenyeza mpaka ukingoni. Ngoma kubwa zinaitwa surdo: moja inauliza, ya pili inajibu, ya tatu inaingia kati yao kama mtoto mtundu. Juu yake mvua ya ngoma ndogo za waya, vitamborimu vilivyo kama visahani, kengele za chuma ziitwazo agogo, na kitu kimoja kinacholia kama nyani aliyechekeshwa. Hicho ni kuika. Ngoma yenye kijiti kilichofungwa katikati ya ngozi kwa ndani, unakisugua kwa kitambaa kibichi. Wa Angola wanayo, kwa Kimbundu wanaiita puita, na wengi husema hata neno samba limetoka huko huko, kwenye semba. Na ngoma kwa Kimbundu ni ngoma. Meli zilizowashusha watu Rio katika karne ya 19 nyingine zilitoka Msumbiji, mwambao huu wetu, si mbali na Ruvuma. Sisemi kwamba nilimsikia babu yangu ndani ya bateria. Nasema miguu yangu ilianza kabla yangu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba samba nayo ina kopo lake. Surdo anahesabiwa kuibuni Alcebíades Barcelos, wa mtaa wa Estácio, Rio, mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati kikundi cha Deixa Falar kinaanzishwa. Alichukua bati kubwa la siagi akaliwamba ngozi. Na polisi hawakukosekana. João da Baiana, mpiga dufu maarufu wa samba ya zamani, alisimulia alivyonyang'anywa dufu lake na polisi mwaka 1908, na jinsi Seneta Pinheiro Machado alivyompa jingine lenye maandishi ya jina lake mwenyewe, ili polisi wakilitazama wasome. Kibali cha juu ya ngozi. Nimemsimulia Mjomba, amekipenda kisa hicho kuliko samba yenyewe.

Saa tisa kamili mchana, kiongozi wa bateria alipuliza filimbi akainua ngumi, na ngoma zikakata. Nilidhani ni madoido ya wimbo. Kisha nikasikia minara ya spika nayo imezimwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka mbali. Mnara wa ghorofa wa Grenfell uko karibu na pale. Uliungua Juni 2017, wakafa watu 72, na kanivali hunyamaza sekunde 72 kwa ajili yao. Umati ule wote, barabara hadi barabara, na kilichosikika ni jenereta moja na mtoto anayeuliza kwa nini. Mpiga surdo mbele yangu, msichana mdogo, alikuwa ameilaza mikono yote miwili juu ya ngozi ya ngoma yake, kama unavyomtuliza mnyama. Filimbi ikalia. Mikono ikapanda.

Nyumba nyingi njiani zilikuwa zimepigiliwa mbao madirishani. Wenye nyumba hizo, na siku hizi ni nyumba za mamilioni, wengi huondoka mjini siku zile mbili, na kila mwaka haikosi sauti inayotaka kanivali ihamishiwe bustanini, mahali penye uzio. Ni kelele, wanasema. Saa moja jioni spika zote lazima zizimwe. Nilitaka kuwacheka, lakini nikakumbuka nani aliyevaa mtandio mwezi wa Machi kwenda kugonga mlango wa mtu.

Usiku ule tulirudi na Mjomba kwa treni, kutoka Westbourne Park moja kwa moja mpaka East Ham. Mtoto kalala mapajani mwangu na rangi usoni. Mama alinipigia kwa video, nikamwekea kipande nilichorekodi Jumamosi. Alisikiliza akiwa kaliegemeza sikio kwenye simu, kwa hiyo nilichoona ni kilemba tu.

"Ndiyo nini hiyo? Kinanda?"

"Mapipa, mama. Mapipa ya mafuta."

Akanyamaza. "Matupu?"

"Matupu."

"Hebu irudie."

Nikairudia mara tatu, abiria wakitutazama. Mjomba hakuwa akitusikiliza. Alikuwa akipiga besi ya Jumamosi kwenye magoti yake kwa vidole viwili viwili, na kila akifika pahala fulani alisita, akaguna, akarudi nyuma. Tuliposhuka akanipa mfuko wake wa vijiti nimshikie atafute kadi yake ya usafiri, na getini hakuuchukua tena.

"Jumanne," akasema. "Saa moja."

"Mjomba, kanivali si imekwisha?"

"Ndiyo. Sasa ua mtupu, utapata nafasi ya kukosea."